Zamu ya Mtoto wa Kiume

Wanangu mnaoanza ukunga, kuna swali moja mtaulizwa mpaka siku mtakayovua sare. Watu hawatawauliza kama mtoto amekaa vizuri, wala kama mama ana damu ya kutosha. Watauliza: "Nesi, ni wa kike au wa kiume?" Atauliza mama mwenyewe, atauliza mumewe huku akijifanya anatazama nje, na mama mkwe atauliza mara tatu kwa sauti tatu tofauti. Ninyi siku hizi mna mashine ya kuchungulia tumboni. Sisi tulikuwa na vidole, sikio na bomba la mbao la kusikilizia. Na tulikuwa na mdomo, ambao kwa upande wangu ulifanya kazi kuliko vyote.

Mimi ni mtu wa Nyantakara, Biharamulo, na kazi nilianzia huko huko, kwenye zahanati yenye vitanda vitatu na paa lililovuja juu ya kitanda cha pili. Mwezi wa kwanza tu mama mmoja aliniuliza swali hilo, nami nilikuwa na haraka, nikamjibu, "Wa kike." Akazaa wa kike. Wiki mbili baadaye nikamwambia mwingine, "Wa kiume," ikawa. Wa tatu alitembea kutwa nzima kuja kunitafuta.

Siri ya utabiri nawapa bure. Ukiwatabiria wanawake kumi, kama watano hivi utawapatia hata ukiwa umefumba macho. Hao watano watakutangaza sokoni na kanisani. Watano uliowakosea wana mtoto mchanga wa kunyonyesha, nani kati yao ana nafasi ya kumsengenya nesi? Baada ya mwaka nilikuwa na jina, na nakiri kuku hawakukauka uani kwangu.

Nilijitungia na ishara. Tumbo lililochongoka, mvulana, lililotandaa, msichana. Moyo wa mtoto ukienda mbio, msichana. Ukienda taratibu, mvulana. Hakuna hata moja yenye ukweli. Moyo wa mtoto sikilizeni ili mjue kama anachoka, na mnaposikiliza, kidole kimoja kiwe kwenye mshipa wa mkono wa mama, msije mkahesabu moyo wake mkidhani ni wa mtoto. Kosa hilo nililifanya, na mganga niliyekuwa chini yake alinicheka wiki nzima.

Basi, nikahamishiwa Ngara, upande wa Murusagamba, kwenye kijiji cha ujamaa kilichokuwa na miaka michache tu. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara kama wanafunzi wa gwaride. Watu walikuwa wametolewa juu ya kilima, kwenye migomba ya babu zao, wakaletwa bondeni kulikokuwa na udongo mwekundu na machipukizi ya migomba yaliyoishia magotini. Kule juu kukabaki mahame: kuta zilizobomoka, mafiga, na migomba mikubwa iliyoendelea kuzaa bila mwenyewe.

Aliyenipokea alikuwa Bibi Domitila, mkunga wa jadi. Serikali ilinituma nimfundishe usafi. Nilimfundisha kuchemsha wembe, naye akanifundisha kila kitu kingine. Ndiye aliyenionyesha namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya kwa kiganja chenye mafuta, polepole, huku unamwongelesha mama habari za maharage. Ndiye aliyenikataza kuvuta kondo la nyuma. "Nesi, kondo ni mugeni," alikuwa akisema. "Mugeni hasukumwi. Atatoka mwenyewe."

Na kondo likishatoka, kwenye kilima kile lilikuwa na sheria zake. Bibi mzaa baba huchimba shimo mwenyewe chini ya mgomba. La mtoto wa kiume huzikwa chini ya mgomba wa pombe, la wa kike chini ya mgomba wa kupika. Shimo lazima lichimbwe siku mtoto akishaonekana, kamwe si kabla. Kijijini migomba ilikuwa bado midogo, hivyo mabibi walilifunga kondo kwenye jani, wakapanda nalo kilimani, mwendo wa saa nzima, kwenda kulizika kwenye mahame.

Mwaka ule wa vita vya Kagera wanaume wa mgambo wakachukuliwa. Kati yao alikuwa Venanti, mtoto pekee wa Bibi Domitila. Alimwacha mkewe Anastazia na mabinti watano na tumbo la miezi mitatu. Wakati wa kuaga, mbele ya watu, alisema, "Nikirudi nikute mwanamume katika nyumba hii. La sivyo, Anastazia, utarudi kwenu Mabawe na wasichana wako." Pengine ilikuwa ni hofu ya vita tu iliyosema, kwa maana Venanti hakuwa mtu mkali, na kwa kweli alikuwa mwoga hata wa mbuzi dume. Lakini neno lilishatoka, na Bibi Domitila alilishika.

Tangu siku hiyo Anastazia alikuwa wa mwisho kula na wa kwanza kubeba maji. Kila alipokuja kliniki nilibonyeza mguu wake na kidole kiliacha shimo lisilojaa. Niliogopa. Ninyi mnajua uvimbe ule unaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Na wakati huo huo jambo la ajabu lilianza pale zahanati. Wanaume walipoondoka tu, akazaliwa msichana. Akafuata msichana. Wa tatu, wa nne. Kufikia wa saba wanawake waliacha kupiga vigelegele, wakawa wanapokea mtoto kimya na kutazamana. Wa tisa alipotoka, mama yake alifumba macho akakataa kuambiwa. Niliandika kwenye daftari la uzazi KE, KE, KE, mstari baada ya mstari mpaka chini ya ukurasa, na nilipogeuza ukurasa, wa kumi na moja naye KE.

Watu wakasema wavulana wamebaki kilimani. Eti tulipohamishwa, tuliyaacha makondo yao chini ya migomba ya pombe, na sasa hawataki kushuka bondeni. Wanawake waliopanda mchana kukata ndizi walisema wanasikia miluzi kule mahame, miluzi ya watoto wachungaji, na ng'ombe hawapo. Mimi nilicheka. Ndege wenye mluzi wako wengi.

Hata hivyo nilikwenda kwa Mwalimu Ladislausi wa shule ya msingi, kijana mpole aliyependa hesabu kuliko chakula, nikamwuliza. Alichukua chaki akaandika ubaoni: wawili, wanne, wanane, akizidisha mara mbili mpaka mara ya kumi na moja. "Wasichana kumi na mmoja mfululizo," akasema, "ni mara moja katika elfu mbili na zaidi kidogo."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Inawezekana, dada. Tanzania ina vijiji maelfu, na vyote vinazaa. Lazima mahali fulani itokee, na watu wa hapo watadhani wamelogwa."

"Na wa kumi na mbili?"

"Nusu kwa nusu, kama wa kwanza. Tumbo la mtu halina habari na tumbo la jirani."

Niliitikia kwa kichwa. Nilielewa kabisa. Na nikiwa njiani kurudi, moyo wangu ukaniambia: baada ya kumi na mmoja, sasa ni zamu ya mvulana. Wanangu, mtu anaweza kuielewa hesabu na asiiamini hata chembe, na hapo ndipo nilipokosea. Wa kumi na mbili, kwa mpangilio wa matumbo niliyoyajua, alikuwa wa Anastazia.

Alipokuja tena niliweka bomba la mbao tumboni. Moyo wa mtoto ulikwenda taratibu, mzito, wa kupendeza. Bibi Domitila alikuwa amesimama mlangoni. Niliutazama mguu ule uliovimba, nikamtazama yule mama mkwe, na mdomo wangu wa Nyantakara ukafunguka.

"Bibi, huyu ni wa kiume. Lakini mama yake asipopumzika hatafika."

Mngemwona! Siku hiyo hiyo Bibi alimnyang'anya mkwewe ndoo. Alimpikia kwa mikono yake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Baada ya wiki mbili uvimbe ulishuka, na Anastazia akaanza kuimba tena akichambua maharage. Nilijisifu moyoni. Nilijiambia kwamba hata kama nimekosea, nimemnunulia mama yule mwezi mmoja wa kupumzika.

Ikabaki kama wiki tatu ajifungue. Asubuhi moja likaja lori kukusanya maharage na ndizi za askari, na dereva akatangaza kwamba anapokea barua za kupeleka mbele vitani. Bibi Domitila akaja zahanati mbio, khanga inaburuzika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Chukua karamu. Andika balua kwa Venanti. Mwambie amepata mwana wa kiume."

"Bibi, bado hajazaliwa."

"Lori halirudi tena, dereva amesema. Wewe umesema ni wa kiume. Umesema au hukusema?"

Ningeweza kusema, "Nilibahatisha." Neno moja tu. Lakini akilini nilimwona Anastazia akirudishiwa ndoo kichwani siku hiyo hiyo. Nikaandika: *Mwanangu Venanti, mkeo amejifungua salama mtoto wa kiume, sote ni wazima.* Bibi akatia dole gumba lenye wino. Lori likaondoka saa tano asubuhi, na mimi nikarudi kuosha beseni.

Siku mbili baadaye Bibi akaniambia twende kilimani. Ilikuwa mchana wa jua kali. Tulipofika kwenye mahame yake hapakuwa na upepo, majani ya migomba yalining'inia tu. Akanionyesha shimo chini ya mgomba wa pombe, dogo, la ukubwa wa chungu. Alikuwa amelichimba tayari. Yeye, aliyenifundisha kwamba halichimbwi kabla.

"Bibi, si uliniambia..."

"Balua imekwenda," akasema. "Mutoto amekwisha zaliwa. Kule aliko baba yake, amekwisha zaliwa."

Niliinama kulitazama. Kila mahali chini kulikuwa na majani makavu yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, lakini ndani ya shimo lile hapakuwa na hata moja. Lilikuwa safi, kama limefagiliwa asubuhi hiyo. Nikamwuliza kama analifagia. Akasema hajapanda tangu alichimbe. Nyuma ya ukuta uliobomoka mtu akapiga mluzi, mfupi, wa kuita. Nasema mtu, na anaweza kuwa ndege. Tulishuka, na kwa umri ule sikuwa nimewahi kumwona mwanamke mzee akitembea upesi namna hiyo.

Anastazia alijifungua asubuhi, bila shida yoyote, uchungu wa saa nne tu. Kichwa kikatoka, bega, mwili. Nikamshika mtoto, nikamfuta, akalia kwa nguvu. Msichana. Mzito, mzuri, ngumi zimekunjwa.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Anastazia alisoma uso wangu, akageukia ukutani. Bibi Domitila hakugomba. Alipokea kondo kwenye jani, akatoka. Alilizika chini ya mgomba wa kupika kama sheria inavyotaka, kisha, aliniambia baadaye, akaenda kulifukia lile shimo la kwanza, maana shimo la namna ile haliachwi wazi.

Alirudi kunichukua mchana ule ule. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Tukapanda tena. Chini ya mgomba wa pombe shimo halikuwepo. Lilikuwa limekwisha fukiwa kabla Bibi hajaligusa, na udongo umeshindiliwa vizuri. Lakini halikuwa tena la ukubwa wa chungu. Udongo mpya ulikuwa mrefu, kiasi cha mtu mzima aliyelala.

Nikatafuta la kusema, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. "Labda ni muhanga, Bibi. Hawa huchimba sana."

"Muhanga huchimba," akasema. "Hafukii."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku uliopita. Niliona nyayo zetu sisi wawili na hazikuwepo nyingine. Niliogopa, wanangu, na hata leo nikiandika haya vinyweleo vinasimama.

Tukamngojea Anastazia afukuzwe. Kila asubuhi nilipita nyumbani kwake kupima kitovu cha mtoto, na ukweli nilikuwa napita kuona kama bado yupo. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye kitenge, vimekaa karibu na mlango. Bibi hakusema nenda wala kaa. Alikaa uani ametazama kilima.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaja, kofia mkononi, akasema Venanti hatarudi. Alitaja na siku aliyokufa. Watu wengine waliihesabu siku hiyo na ile shimo lilipokutwa limefukiwa, wakanong'ona. Mimi sikuhesabu. Daftari ninalo, kalenda ilikuwepo ukutani, na sikuhesabu mpaka leo.

Wiki hiyo alizaliwa mtoto wa kumi na tatu, na alikuwa wa kiume. Wakafuata wawili wa kiume tena, kisha msichana, na tangu hapo mambo yakaenda mchanganyiko kama kila mahali. Mwalimu Ladislausi akasema ndivyo inavyokuwa. Wanawake wakasema kilima kimelipwa. Niliwasikia wote wawili na sikubishana na yeyote.

Vita ilipokwisha alikuja mwenzake Venanti, anaitwa Bonifasi, mtu wa kijiji cha jirani, akichechemea. Nilikuwepo, nimekuja kumpima mtoto uzito. Anastazia akampa kigoda. Bibi akamwomba aeleze mwanawe alikufaje.

"Mama, mnamjua Venanti," Bonifasi akasema. "Tangu tuondoke alikuwa mutu wa nyuma. Tukiambiwa songa, yeye anafunga kamba za viatu. Tulimtania sana. Kisha ikaja barua yenu. Alinitaka niisome mara tatu, maana hakuamini macho yake. Akacheka mpaka akakaa chini. Akampa kila mutu sigara. Kesho yake kulikuwa na daraja la miti, haijulikani ng'ambo kuna nini. Afande akauliza nani atatangulia. Venanti akanyoosha mukono. Nikamvuta shati, nikamwambia, wewe una wazimu? Akasema, 'Niache. Mimi sasa nina mwanamume nyumbani.'"

Kisha Bonifasi akatabasamu, akatazama huku na huku uani, kati ya wale mabinti. "Yuko wapi kijana mwenyewe? Nimsalimie."

Mtoto alikuwa kwenye mizani yangu, ananing'inia uchi, na alikuwa haonekani kuwa kijana kwa namna yoyote. Bonifasi akamwona. Tabasamu lake likafa polepole, akainamisha kichwa.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilisema, "Bibi, ni mimi. Nilibahatisha. Sikujua, nilibahatisha tu."

Bibi Domitila akainuka. Akalichukua lile furushi la kitenge pale mlangoni, akalifungua, akaanza kutoa nguo za Anastazia moja moja na kuzitundika ndani. "Mimi nilitia dole gumba," akasema akiwa ametupa mgongo. "Tulimwandikia wawili, Nesi." Yule mtoto Bibi akampa jina la Venansia, la baba yake. Alimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mkubwa mno kubebwa, na kufa kwake alikufa mkononi mwa Anastazia. Kuhusu ile barua hakunitajia tena, na mimi tangu siku ile sikumtabiria mtu. Walioniuliza niliwajibu nusu kwa nusu, wakaniona nimezeeka kabla ya wakati.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Venansia alikuja kliniki na mimba yake ya kwanza. Mama yake alikuwa amemficha mengi, na mimi sikuwahi kumwongezea. Nilipokuwa namfunga kitambaa cha kupimia presha akaniuliza, "Mama Nesi, mama anasema barua ya kumjulisha baba uliandika wewe. Ni kweli ilimfika? Alijua kwamba nimezaliwa?"

Nikamwambia ndiyo, ilimfika.

"Alisemaje?"

Nikamwambia alicheka mpaka akakaa chini, akampa kila mtu sigara. Yote yalikuwa kweli. Machozi yakanitoka nikiyasema, naye akanishika mkono akanipa pole, akidhani namlilia baba yake.